Bastola ya Hewa kwa Mashindano ya Mita 10: Ipi Ununue, kwa Mpangilio Wangu

Mtu akiniuliza anunue bastola gani ya hewa kwa shabaha ya mita 10, humuuliza kwanza: mkono wako una ukubwa gani, na hewa utaijaza wapi? Hayo mawili ndiyo yanayoamua. Jina lililochorwa ubavuni mwa mtutu huja nyuma kabisa. Bastola za daraja la juu kutoka Ujerumani, Austria, Uswisi na Italia, ukizifunga kwenye jiriwa na kuzipa peleti nzuri (ndizo risasi zake ndogo), hupitisha risasi karibu zote kwenye tundu moja, na duara la pointi 10 katikati ya shabaha lina kipenyo cha milimita 11.5. Chombo kina uwezo wa kutosha na ziada. Pointi hupotelea kwenye mpini usiolingana na kiganja na kwenye triga inayovutwa kwa kukwamakwama.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: nunua bastola ya daraja la juu iliyokwishatumika kabla hujafikiria mpya ya daraja la chini, na akiba utakayobaki nayo itumie kwenye mpini.

Kanuni zinasemaje

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, ISSF, linataka bastola ya milimita 4.5, uzito usiozidi gramu 1,500, triga isiyofyatuka chini ya gramu 500, na chombo kizima kiingie ndani ya sanduku la milimita 420 kwa 200 kwa 50. Unashika kwa mkono mmoja. Darubini hairuhusiwi, wala mpini unaokumbatia kifundo cha mkono. Raundi ya mchujo ni risasi 60 ndani ya dakika 75, na tangu 2018 wanawake nao hupiga 60 badala ya 40 za zamani. Rekodi ya wanaume ya Jin Jong-oh wa Korea Kusini, pointi 594 kati ya 600, iliwekwa Changwon mwaka 2009.

Zifikirie hizo dakika 75 unapokuwa dukani. Bastola inayokaa vizuri mkononi kwa risasi tano inaweza kuwa mateso kwenye ya hamsini. Ndiyo maana sipendekezi uzito karibu na kikomo. Wengi huishia chini ya kilo moja au hapo hapo, kisha huongeza vipande vidogo vya uzito chini ya mtutu kadiri bega linavyoimarika.

Sheria nayo iulizwe kabla ya pesa kutoka mfukoni. Ujerumani, bastola yenye nguvu ya chini ya joule 7.5 na alama ya F ndani ya pembetano huuzwa bila leseni kwa aliyetimiza miaka 18. Uingereza si kitu kimoja: kule Scotland unahitaji cheti tangu mwisho wa 2016. Marekani nako majimbo hutofautiana, na New Jersey huihesabu kuwa silaha ya moto kamili. Kwa walioko Kenya na Tanzania, usiagize kwa posta ukidhani ni kifaa cha kuchezea. Nenda kwanza kwa mamlaka ya leseni za silaha, upate jibu la maandishi, na uanze kupitia klabu inayotambulika.

1. Steyr LP 10, iliyotumika

Hii ndiyo ninayoiweka juu, na sina kigugumizi. Inatoka Austria, imepita mikononi mwa mabingwa wengi, vipuri vyake bado vipo, na mafundi wanaijua ndani nje. Ndani yake kuna kizito kidogo kinachosogea kinyume na mshtuko wa risasi, hivyo mtutu hautikisiki wakati peleti inatoka. Mrithi wake, Evo 10, ni bora kidogo, lakini tofauti ya bei ni kubwa kuliko tofauti ya alama utakazopata. Mpya za daraja hili huvuka euro 1,500 kwa urahisi.

Unapoikagua, anza na mtungi wa hewa iliyoshindiliwa, ulio chini ya mtutu. Kuna tarehe imechapwa juu yake, na watengenezaji wengi huupa mtungi miaka 10. Ikiwa imepita, mkaguzi wa vifaa anaweza kuukataa, na mwenye kompresa makini hatakubali kuujaza. Piga hesabu ya mtungi mpya ndani ya bei. Muuzaji akikataa kupunguza, achana naye. Pili, jaza hewa, soma geji, uiache hadi kesho yake, usome tena. Ikishuka, mihuri (mipira inayozuia hewa isivuje) imechoka. Tatu, angalia vichwa vya skrubu za triga. Vikiwa vimechunika, kuna mtu aliyekuwa akichezea asichokielewa. Nne, ulizia karatasi ya majaribio ya kiwandani yenye kundi la matundu ya risasi zilizopigwa na bastola hiyo hiyo. Namba iliyoandikwa hapo ilingane na ya mtutu.

2. Morini CM 162 EI

Mswisi huyu ana triga ya umeme, na kwa mazoezi ya nyumbani sijaona mfano wake. Unafyatua kavu, yaani bila risasi wala hewa, mara mia mbele ya ukuta mweupe bila kukoki kila mara. Mazoezi ya kavu ndiyo yanayojenga mpigaji, hasa anayekaa mbali na uwanja, na bastola inayoyarahisisha hujilipa yenyewe. Triga hufyatuka pale pale kila siku, iwe baridi au joto.

Ina masharti yake: beba betri ya akiba, na usiwe mtu wa kusahau kuzima. Kama unapenda kufungua na kusafisha mwenyewe, umeme hautakuruhusu kuchezea sana. Kwa tabia hiyo rudi namba moja.

3. Feinwerkbau P8X

Ukiwa na pesa ya kununua mpya, nunua hii. Inatoka Oberndorf am Neckar, na mpini wake unageuzwa kwa pembe kadhaa, si kupanda na kushuka tu. Mwenye vidole virefu sana, au kifundo kilichowahi kuvunjika, atapata pembe inayomfaa bila kuchonga mbao siku ya kwanza.

Walther LP500 naiweka baada yake kwa nywele moja tu. Ukiikuta kwa bei nzuri zaidi mjini kwako, chukua bila kujuta. Pardini K12 ya Italia ni ya wanaopenda mtutu ukae chini karibu na mkono. Ishike kabla ya kununua, maana mizani yake wengine huipenda papo hapo na wengine hawaizoei kamwe.

4. Baikal IZH-46M

Hapa ndipo swali la hewa linapopata uzito. Bastola zote nilizotaja hadi sasa hutumia mtungi wa hewa yenye shinikizo la takriban bar 200. Aliyeko Diani, Watamu au Nungwi ana bahati: vituo vya wazamiaji vina kompresa, na kwa adapta sahihi mtungi mkubwa wa kuzamia utakujazia mdogo kwa muda mrefu. Aliye bara, mbali na bahari, atategemea pampu ya mkono, na pampu nzuri ni gharama na jasho. (Hewa tu, ndugu yangu. Kamwe usijaze oksijeni. Ikikutana na grisi ndani ya mtungi inalipuka.)

IZH-46M ya Urusi haitaki lolote kati ya hayo. Unavuta wenzo mrefu ulio chini ya mtutu mara moja, na hewa ya risasi moja imeshikwa. Mtutu wake ni sahihi kuliko bei yake inavyoonyesha, na nimeona watu wakiwashinda nayo wenye bastola za mara tano ya thamani yake. Ubaya ni mzito mbele, na mpini wake wa mbao unakuja kama gogo ambalo halijamalizwa, kwa hiyo utahitaji tupa na msasa. Wenzo nao ukiuvuta kwa risasi 60 na za kujipima juu yake, mkono unaopiga unachoka. Jifunze kuuvuta kwa mkono mwingine. Vikwazo vya biashara dhidi ya Urusi vimefanya mpya kuwa adimu Ulaya na Marekani, kwa hiyo tafuta iliyotumika.

Katika familia hii ya bila mtungi, Feinwerkbau 65 ya zamani bado inaheshimika. Ni ya springi, lakini sehemu ya juu huteleza nyuma na kumeza mshtuko, na ina swichi ya kupandisha triga kutoka gramu 500 hadi 1,360. Mihuri yake huoza kwa umri, basi nunua kwa fundi aliyeibadilisha.

5. Hämmerli AP20

Nyepesi, ya kisasa, bei ya chini kuliko wakubwa. Kwa kijana wa miaka 12 au 13 anayeanza klabuni, ndiyo ninayoshauri. Mtu mzima mwenye nia ya mashindano ataizidi haraka.

6. Gamo Compact

Inafaa kujua kama mchezo unaupenda. Triga haina ulaini wa kutosha kwa zaidi ya hapo.

Pesa iliyobaki

Mpini kwanza. Chagua ukubwa sahihi, S, M au L, kisha paka chaki kiganjani, shika, na tazama ilipobaki nyeupe kwenye mbao. Hapo ndipo panapogusa. Palipo na pengo ongeza unga wa mbao wenye gundi. Panapobana kwaruza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, si jioni moja. Ukifumba macho, uinue mkono na ufumbue, kilengeo cha mbele kiwe kimejikita katikati ya mwanya wa nyuma bila kukunja kifundo. Kama hujiamini na tupa, kampuni kama Rink ya Ujerumani huchonga kwa vipimo vya mkono wako.

Kisha triga. Nunua jiwe la kupimia la gramu 500, maana ndilo mkaguzi atakalotundika. Triga huvutwa kwa hatua mbili: gawa uzito uwe mwingi kwenye hatua ya kwanza na mdogo kwenye ya pili, inayofyatua. Wanaoanza hufanya kinyume, na risasi zao nyingi za chini kushoto hutokana na hapo, kwa anayetumia mkono wa kulia.

Miwani ya shabaha haina haraka. Yusuf Dikeç wa Uturuki alichukua fedha ya timu mchanganyiko Paris 2024 kwa miwani yake ya kawaida. Lakini ukipita miaka arobaini na kilengeo cha mbele kinaanza kuwa na ukungu, nenda kwa daktari wa macho na bastola isiyo na risasi ukiwa umempigia simu mapema, apime lenzi kwa umbali wa kilengeo hicho.

Peleti ziwe za kichwa bapa, zinazokata karatasi tundu safi. RWS R10 ya gramu 0.45 na H&N Finale Match ni mwanzo salama kwa siku ya mashindano; za bei nafuu kutoka kwa watengenezaji hao hao zinatosha mazoezi. Kipenyo cha kichwa hutofautiana kwa sehemu za mia za milimita, kutoka 4.48 hadi 4.52, na kila mtutu una kipenyo unachokipenda. Nunua kopo moja moja la aina mbili au tatu, piga ukiwa umeegemeza bastola, linganisha makundi ya matundu. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwani peleti ni madini ya risasi (lead), yenye sumu. Ukipata inayokubali, soma namba ya toleo chini ya kopo na ununue makopo ya toleo hilo hilo ya kukutosha msimu mzima.