Uzoefu wangu na The Hunger Games: hesabu ya nafaka na mafuta

Habari za kitabu hiki nilizisikia tangu filamu yake ilipotoka mwaka 2012. Kila aliyekisifu alikisifia jambo lile lile: watoto 24 wanaingizwa uwanjani wauane mpaka abaki mmoja, na msichana yuko katikati ya wavulana wawili. Sifa hizo zilinifukuza. Muda wangu wa kusoma ni usiku wanangu wakishalala, na sikuona kwa nini niutumie kutazama watoto wa watu wakichinjana.

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha tatu, alikuja likizo na nakala yake, kona za jalada zimeliwa zote. Akaiweka mezani. "Shangazi, soma sura ya kwanza tu. Ukiishia hapo sitakusumbua tena." Sikuishia hapo. Sura 27 nimezimaliza kwa usiku nne.

Kwa asiyekijua: kimeandikwa na Suzanne Collins wa Marekani, kikatoka mwaka 2008. Nchi inaitwa Panem, imesimama mahali palipokuwa Amerika Kaskazini. Ina mji mkuu wa kitajiri, Capitol, na wilaya 12 zinazoulisha. Zamani wilaya ziliasi zikashindwa, na adhabu yake ni kwamba kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana mmoja na msichana mmoja, wenye miaka 12 hadi 18, wakauane mbele ya kamera. Kutazama ni lazima. Anayesimulia ni Katniss Everdeen, miaka 16, wa Wilaya ya 12 wanakochimba makaa ya mawe. Baba yake alifia mgodini. Siku ya kuchomoa majina linatoka la mdogo wake, Prim, mwenye miaka 12, na Katniss anajitolea kwenda badala yake.

Kilichonishika ni hesabu ya yale majina. Ukifikisha miaka 12 jina lako linaingia mara moja, ukiwa na 13 mara mbili, hivyo hivyo hadi 18, mara saba. Ukisikia hivyo utadhani wote wako sawa. Lakini mtoto wa familia isiyo na chakula anaruhusiwa kuongeza jina lake, na kwa kila nyongeza anapewa kitu kinachoitwa tesserae: nafaka na mafuta ya kumtosha mtu mmoja kwa mwaka, tena kwa shida. Anaweza kuwachukulia na wa nyumbani kwake. Na majina hayo hayafutwi, yanarundikana mwaka hadi mwaka. Katniss alipokuwa na miaka 12 jina lake liliingia mara nne: moja ya lazima, na tatu kwa ajili ya tumbo lake, la mama yake na la Prim. Sasa limeingia mara 20. Rafiki yake Gale, mwenye miaka 18 na wadogo wanaomtegemea, la kwake limeingia mara 42. Binti wa meya, rika moja na Katniss, hawezi kuzidi tano.

Hapo nilikiweka kitabu chini kwa muda. Nimelelewa kwenye nyumba ambayo mama alipima unga kwa kikombe na kukwangua juu kwa kiganja ili usizidi. Mimi ndiye wa kwanza kuzaliwa. Najua mtoto mkubwa anavyochungulia debe na kukisia zimebaki siku ngapi. Sijawahi kuona mwandishi akiieleza hali hiyo kwa tarakimu tu, bila neno moja la kuomba huruma.

Ukishaliona hilo, unaona chakula kila mahali humo ndani. Jina Panem lenyewe ni neno la Kilatini la mkate, kutoka ule usemi wa Kirumi wa mkate na michezo. Katniss anapohojiwa kwenye runinga ni kitu gani kimemvutia zaidi Capitol, anajibu kuwa ni mchuzi wa kondoo. Watu wanacheka, kumbe yeye amesema ukweli.

Halafu kuna Rue, binti wa miaka 12 wa Wilaya ya 11, wilaya ya wakulima. Huko anayekula mazao anayoyavuna mwenyewe anachapwa viboko hadharani. Wanakutana uwanjani, Katniss anamgawia ndege aliyemchoma, na Rue anasema hajawahi kupata paja zima peke yake. Kwetu kuku akichinjwa firigisi na paja vilikuwa vya baba, paja la pili la mgeni. Watoto tuligawana shingo, mabawa na miguu. Paja langu zima la kwanza nililila nikiwa nimeshaajiriwa, kwenye kibanda cha chipsi, na nililila taratibu sana. Yatakayompata Rue siyasemi. Nilisoma sura ile mara mbili usiku ule ule.

Siku ya kwanza uwanjani wanakufa watoto 11, na wengi wao hawatajwi hata jina. Mwingine ni "mvulana wa Wilaya ya 3" tangu mwanzo mpaka anakufa. Naelewa kwamba Katniss hataki kuwajua watu ambao huenda akawaua. Lakini kitabu kinachoilaani Capitol kwa kuwageuza watoto kuwa tamasha kilipaswa kuwatunza zaidi, na hili limeniuma kwelikweli. Sehemu ya pangoni, ya mapenzi ya Katniss na Peeta, mvulana aliyetoka naye Wilaya ya 12, ni ndefu mno, ingawa wazo lake ni kali: busu likiwafurahisha watazamaji, wafadhili, yaani watazamaji wanaolipia misaada ya watoto uwanjani, wanashusha supu. Wanyama wa maabara wa mwishoni ningewaondoa wote.

Kiingereza chake ni chepesi, na binti wa kidato cha tatu anakisoma bila kamusi. Mwanangu wa miaka 10 nimemwambia asubiri.

Kuna pahali, Katniss akishajitolea, umati wa Wilaya ya 12 unakataa kupiga makofi. Wananyamaza, kisha wanainua vidole vitatu. Mwaka 2014 vijana wa Thailand waliopinga mapinduzi ya kijeshi waliinua vidole vile vile barabarani, na wapo waliokamatwa kwa kufanya hivyo. Katika sifa zote nilizozisikia miaka hii yote, hakuna aliyenieleza hilo wala habari ya paja la ndege.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Kabla ya kukirudisha nilikifunga jalada kwa karatasi ya kalenda ya mwaka jana, kama tulivyofunga madaftari shuleni. Mwenyewe alikigeuzageuza, akacheka, akatoa mkobani cha pili, Catching Fire. Nimeshakifunga jalada na hicho, na leo usiku naanza.