Seti ya Kung'olea Bolti Zilizokatika: Nunua kwa Ajili ya Biti, Si kwa Ajili ya Ving'oleo

Seti hii huuzwa kwa sifa za ving'oleo vyake, yaani vyuma vya kuchongoka vinavyogongwa ndani ya tundu lililotobolewa katika bolti kisha kuzungushwa ili kuitoa, lakini baada ya kuitumia katika matengenezo ya gari nyumbani nimeridhika kwamba kinachostahili fedha ya mnunuzi ni biti zake za kushoto, yaani zile zinazokata chuma drili inapozungushwa upande wa kufungulia. Ndani ya kisanduku mna biti tano za namna hiyo na ving'oleo vitano vya msokoto, kila kimoja kikiwa na biti yake, kwa bolti za M6 hadi M12, yaani zenye unene wa milimita 6 hadi 12. Zaidi ya hapo kuna karatasi moja ya maelekezo, na ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote.

Bolti hazikatiki kwa sababu moja, na mafanikio ya kifaa cha aina hii hutegemea sana sababu hiyo. Bolti iliyokatika kwa kukazwa kupita kiasi mara nyingi hubaki tunduni ikiwa haijashikwa sana, kwa sababu kilichokuwa kikiibana ni mvuto kati ya kichwa chake na hesi, yaani mikato ya msokoto iliyo ubavuni mwake. Kichwa kikiondoka, mvuto huo nao huondoka. Bolti ya manifoldi ya ekzosi, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini, ni shida ya namna nyingine kabisa. Hiyo imepashwa moto na kupoa kwa miaka, kutu imejaa katikati ya hesi na kutanuka, na kama silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini ambamo bolti hiyo hufungwa, ni ya alumini, metali mbili tofauti zinazogusana penye unyevu zimekuwa zikilana polepole hadi unga mweupe wa alumini ukaziba kila upenyo. Ya kwanza hutoka kwa urahisi, wakati mwingine hata kwa kusukumwa kwa ncha ya tindo. Ya pili ndiyo inayowafanya watu wanunue seti kama hii, na ndiyo hasa ambayo ving'oleo vyake haviwezi kuikabili bila hatari.

Nianze na kilicho chema. Biti ya kawaida, inapotoboa kipande cha bolti, hukisukuma kizunguke upande wa kukaza, kwa hiyo kila ikinasa hukishindilia zaidi. Biti ya kushoto hufanya kinyume: joto la kutoboa hulegeza kutu, kiini cha bolti kinapoondolewa ukuta uliobaki hupunguza mbano wake, kisha biti inaponasa, nguvu yake yote huelekea upande wa kufungua. Kwenye bolti za mabano ya jenereta na za kifuniko cha pampu ya maji, vipande vilitoka vikiwa vimeng'ang'ania kwenye biti kabla tundu halijafika mwisho, na king'oleo hakikuhitajika hata kidogo. Biti zenyewe zimebaki kali. Zilikata bila shida bolti za daraja la 8.8, namba ya uimara ambayo huwa imepigwa kichwani, na kwa 10.9, ambazo chuma chake ni kigumu zaidi, zilihitaji mwendo wa polepole, mkandamizo thabiti na mafuta ya kukatia yasiyokauka. Drili iwe ni ya kuzunguka pande zote mbili, na macho yawe ndani ya miwani ya kinga.

Ving'oleo ni jambo jingine. Umbo la king'oleo ni la kuchongoka, na kadiri kinavyozungushwa ndivyo kinavyozama na kuutanua ukuta wa bolti kama kabari, hivyo kuzisukuma hesi zake zibane zaidi pale pale tunapotaka zilegee. Tena kuna hesabu ambayo maelekezo hayaigusi. Bolti ikiwa imekatika kwa sababu ilikataa kufunguka, maana yake ni kwamba mwili wake mzima ulizidiwa na mshiko wa kutu. Sasa tunataka chuma chembamba, kinachoingia katika tundu la nusu ya unene huo, kifanye kazi iliyoushinda mwili mzima. Kipenyo kikipungua kwa nusu, uwezo wa kuhimili msokoto hushuka hadi sehemu moja kati ya 8. Ni kweli kwamba king'oleo kimetengenezwa kwa chuma kigumu zaidi, lakini ugumu huo huo hukifanya kivunjike ghafla bila kujipinda kwanza. Kikivunjikia ndani, biti za seti hii hazikikati. Itabidi kutafuta biti ya kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha biti za kawaida, au karakana yenye mashine ya kumomonyoa chuma kwa cheche za umeme. Kwa hiyo nashauri king'oleo kitumike tu kwa kipande ambacho tayari kimeonyesha dalili ya kusogea.

Karatasi ya maelekezo inasema utoboe, ugonge king'oleo, kisha uzungushe. Haitaji mafuta ya kulainisha kutu, ambayo yanapaswa kupewa muda wa kupenya, wala haitaji moto, ambao kwa bolti ya chuma ndani ya alumini ndio msaada mkubwa zaidi, kwa kuwa alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma na tundu hupanuka kuliko bolti. Moto huo unahitaji uangalifu: alumini huyeyuka ikifika nyuzi joto 660 hivi bila kuwa nyekundu kwanza, na haufai kabisa karibu na bomba la petroli. Pale kipande kinapochomoza, hata kidogo, kuchomelea nati juu yake kunaishinda seti hii yote, kwani hupatikana kichwa kipya na joto kwa wakati mmoja.

Kasoro yangu ya mwisho ni ya vilivyokosekana. Kazi hii hufaulu au kuharibika katika kupata kitovu cha bolti, lakini seti haina senta panchi, yaani chuma chenye ncha cha kugongea alama pa kuanzia kutoboa, na tundu lililoenda upande hukata hesi za alumini upesi kuliko chuma cha bolti. Likiwa katikati sawasawa, bolti ya M8 inaweza kutobolewa hadi milimita 6.8, mabaki yake yakachokolewa kama uzi, kisha hesi zikasafishwa kwa tapu (kifaa cha kukatia hesi ndani ya tundu) ya M8 yenye hatua, yaani umbali kati ya hesi moja na inayofuata, ya milimita 1.25. Mtengenezaji angeondoa ving'oleo viwili vyembamba, ambavyo ni vyepesi kuvunjika kuliko vyote, na mahali pake akaweka senta panchi na biti ya kushoto ya milimita 6.8, ningeipendekeza seti hii bila sharti lolote.