Mikanda, kamba na karabina za machela: ununue zipi, na uzifungeje

Usiku wangu wa kwanza kwenye machela, kile kitanda cha kitambaa kinachoning'inizwa kati ya miti miwili, nilipanda kulala nikiwa nimening'inia usawa wa kiuno. Alfajiri nikaamka makalio yako chini, kwenye majani yenye umande. Hakuna kilichokatika wala fundo lililofunguka. Kamba zilizokuja na machela zilikuwa za nailoni, na nailoni hurefuka ikibeba uzito, ikilowa ndiyo zaidi. Tangu siku ile vifungio nimebadilisha mara nne. Machela ni ileile.

Mnunuzi wa kwanza huuliza, "Inabeba kilo ngapi?" Anasoma pakiti, anaona namba kubwa, analipa. Ila namba hiyo haijui utafunga vipi. Chukua mtu wa kilo 80. Mikanda ikishuka kutoka mtini kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka mlalo, kila upande unavutwa kwa kilo 80. Akiikaza machela inyooke, pembe ibaki nyuzi 10, kila upande unavutwa kwa kilo 230 hivi. Kwenye nyuzi 5 inakaribia 460, na mtu ni yuleyule, hajala hata chakula cha jioni. Wengi hukaza wakidhani machela iliyonyooka ndiyo haitabonyea. Itabonyea tu, na juu ya hapo mabega yatabanwa kama uko ndani ya ganda la njugu.

Kwa hiyo mimi hupanga vifungio kwa swali moja: nikiwa nimechoka, giza limeingia, nitaweza kurekebisha pembe bila kufungua kila kitu? Kifungio kigumu kurekebisha huachwa kilivyo, hata kama pembe ni mbaya.

Nafasi ya kwanza: mkanda wa poliesta wenye bizimu la kubana

Mkanda unazunguka mti, unarudi, unapita kwenye bizimu lililo kwenye ncha ya machela. Ukitaka kukaza, vuta mkia. Ukitaka kulegeza, inua bizimu kidogo kwa kidole gumba. Unaweza kusogeza sentimita mbili au ishirini, upendavyo. Poliesta haivutiki sana, hata ikilowa.

Kasoro ipo moja, nayo si ndogo: bizimu hushika kwa msuguano, na mikanda mingine ni laini mno au myembamba mno, ikateleza polepole usiku. Nunua mkanda na bizimu vilivyotengenezwa kwa ajili ya kukaa pamoja, kisha funga fundo la kufyatua, lile linalofunguka ukivuta ncha yake, kwenye mkia, nyuma tu ya bizimu. Likiteleza, fundo litalizuia.

Nafasi ya pili: mkanda mfupi na wupi

Wupi ni kamba nyembamba iliyopitishwa ndani ya mwili wake yenyewe, ikawa kitanzi kinachorefushwa na kufupishwa. Ukikivuta kwa uzito, kamba ya nje hujibana juu ya ile ya ndani, na hapo ndipo inaposhikilia. Nyuzi zake ni za aina ya Dyneema, plastiki imara sana: nyepesi kiasi cha kuelea majini, hazirefuki kwa kiasi cha kukusumbua, na kamba ya milimita 3 hivi hubeba kuliko utakavyohitaji. Kwa anayetembea siku nyingi na kuhesabu gramu, hii ingekuwa ya kwanza.

Nimeishusha kwa sababu mbili. Wupi haifupiki chini ya kiwango fulani, hivyo miti ikiwa karibu karibu utakwama. Na nyuzi hizo zinateleza, mafundo mengi ya kawaida hufunguka juu yake, tena huyeyuka kwenye joto la nyuzi 150 hivi, basi ziwe mbali na moto. Usiizungushe moja kwa moja kwenye mti: kamba nyembamba hukata gome, na chini tu ya gome ndipo chakula cha mti kinapopita. Mkanda mpana wa sentimita 2.5 au zaidi ndio unaogusa mti, wupi inaning'inia kutoka hapo.

Nafasi ya tatu: mkanda wa vitanzi vingi

Huu ndio unaouzwa zaidi kwa wanaoanza, na sishangai. Zungusha kwenye mti, chagua kitanzi, bana karabina (kile kipete cha metali chenye mlango wa springi), umemaliza. Mtoto anaweza. Lakini unarekebisha kwa kuruka kitanzi hadi kitanzi, na mara nyingi pembe unayoitaka iko katikati ya viwili. Ni mzito pia. Ukiuchagua, hakikisha ni wa poliesta. Wa nailoni utakurudisha kwenye ule umande wangu.

Nafasi ya mwisho: kamba tupu

Kama unajua mafundo na una mkanda wa kuzungushia mti, sawa, itakulaza. Vinginevyo iache ianike nguo.

Karabina nazo zina mtego wake. Yenye nguvu hugongwa alama ya kilonyutoni, kN, ubavuni. kN 1 ni kama kilo 102. Iliyoandikwa kN 12 inatosha na kubaki. Isiyo na namba yoyote ni ya kuning'inizia funguo, hata ikifanana na nyingine kama pacha.

Sasa kufunga. Tafuta miti hai, imara, iliyoachana mita 4 hadi 5, yaani kama hatua sita za mtu mzima. Tazama juu kwanza: tawi kavu likianguka halichagui. Weka mikanda usawa wa macho au juu kidogo, na miti ikizidi kuachana, panda juu zaidi. Kupima pembe, nyoosha kidole cha shahada kiwe mlalo na gumba lisimame wima. Mkanda ukigusa ncha zote mbili, uko karibu na nyuzi 30.

Nyongeza ninayoipendekeza kwa kila mtu ni kamba ya mgongo, ile inayounganisha ncha mbili za machela kwa juu. Iwe asilimia 83 hivi ya urefu wa machela. Ya sentimita 330 itapata kama 274. Ikishawekwa, machela inabonyea kwa kiasi kilekile hata miti ikiwa tofauti. Ukiwa umelala, ibonyeze kwa vidole viwili: ikilegea kidogo, vizuri, ikiwa ngumu kama waya, mikanda imekazwa mno.

Kama mvua inatarajiwa, funga kijikamba kifupi kwenye mkanda, kati ya mti na machela, kikiwa chini ya turubai. Maji yanayoteremka mtini hufuata mkanda. Yakifika hapo yatadondoka kabla hayajakukuta.

Mwishowe kaa taratibu katikati, miguu ikiwa bado chini, usubiri kidogo. Sehemu ya kukalia iwe kama sentimita 45 kutoka ardhini, kimo cha kiti. Ikishuka unapoitazama, inuka ukaze tena kabla hujavua viatu.