Kamashine ka kando ya kitanda, kwa wenye difibrileta

Baba yangu ana difibrileta kifuani, yaani kile kifaa cha kupiga moyo stima mapigo yakienda vibaya, sasa kliniki flani Upper Hill, Nairobi, ikatupa kamashine ka kuweka kando ya kitanda, usiku akilala kanasoma rekodi za moyo halafu kanatuma kwa daktari na netiwaki ya simu. Watu hudhani kanatabiri, zii! Kanaonyesha dalili tu, kama mapigo ya mbio yaliyokuja yakaisha yenyewe, ama waya ya kutoka kwa kifaa hadi kwa moyo imeanza kuharibika, lakini saa ile kifaa kitampiga stima hakuna anayejua. Nilichopenda, walipoona hayo mapigo yameongezeka walipiga simu apimwe potasiamu (chumvi ya damu inayosaidia moyo kupiga sawa), kumbe imeshuka juu ya dawa za kukojoza. Shida yao ni wikendi, ripoti inakaa tu mpaka Jumatatu, na bei nayo, wueh!