TAHADHARI: Hizo GTX 1050 Ti "mpya" za Kisumu ni feki

Wadau wa Kisumu, Kakamega, Busia na huku kwetu kote, kuna muuzaji anayezungusha kadi za grafiki (kipande cha kompyuta kinachotoa picha kwenye skrini) kwenye magrupu ya WhatsApp. Anadai ni GTX 1050 Ti za GB 4, mpya ndani ya boksi, mabaki ya stoki kwa kuwa NVIDIA haizitengenezi tena. Kwamba hazitengenezwi, hilo ni kweli. Ndiyo chambo chenyewe: huna duka la kulinganishia bei wala ajenti wa kumdai waranti.

Mimi ni fundi, na kadi hizi huletwa kwangu kila kompyuta inapogoma. Stika ya juu inasema 1050 Ti. Nilipong'oa feni ya mojawapo na kupangusa ile peisti ya kupitisha joto iliyokauka, chipu ilikuwa na maandishi GF106. Hiyo ni GTS 450, kadi iliyotoka 2010! Wameandika upya BIOS yake (programu ya ndani inayoitambulisha kadi) ili Windows isome jina la 1050 Ti na memori ya GB 4, ilhali iliyopo ni GB 1. Ni Probox iliyobandikwa nembo ya Prado. Kuandika barua na kutazama YouTube itakubali. Fungua gemu au uhariri video, programu ikianza kutafuta memori ambayo haipo, skrini inakuwa nyeusi au mashine inajizima.

Kuna na mambo ya draiva, ile programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. NVIDIA iliacha kutoa draiva mpya za michezo kwa kizazi cha GTS 450 mwaka 2018, kwa hivyo draiva ya 1050 Ti ya tovuti yao haikai kwenye kadi hizi. Jamaa analijua hilo. Anakutumia draiva yake kwa linki na kukuonya usiapdeti kamwe. Ukisikia hivyo, shika pesa zako.

Kabla ya kulipa, angalia nyuma ya kadi. Chipu ya 1050 Ti halisi haitoi VGA (waya wa skrini za zamani), kwa hivyo lile tundu lake la buluu likiwepo, achana nayo. Kisha iendeshe GPU-Z, programu ya bure inayosoma taarifa za kadi. Kadi iliyogeuzwa BIOS huandikiwa [FAKE] mbele ya jina. Muuzaji akikataa kadi ijaribiwe mbele yako, umeshapata jibu.

Huyu hakubali kujaribiwa. Anataka M-Pesa kwanza, kwa namba ya simu wala si till, halafu mzigo unakuja na shuttle. Ukilalamika anakwambia bidhaa iliyoachwa na kampuni hairudishwi. Uongo mtupu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili na taarifa unazohitaji ili unufaike nayo.

Kama ameshakuuzia, usifute meseji ya M-Pesa wala mazungumzo yenu. Piga picha ya GPU-Z ikionyesha neno [FAKE], uende nazo kituo cha polisi na usiondoke bila namba ya OB (kitabu cha matukio). Kadi usiiuze mtandaoni kujirudishia hasara. Ndiyo ushahidi wako.