Kupima udongo wa shamba lililokuwa na makarasha: niliyoyakuta maabara

Nalima karibu na Rwamagasa, Geita, mwaka wa kumi na moja sasa. Mwaka juzi nilinunua ekari moja na nusu bondeni kwa bei ya chini. Sababu ya bei hiyo niliielewa baadaye: pale palikuwa na makarasha ya kusaga mawe, na upande wa chini walikuwa wakichenjua dhahabu kwa zebaki. Marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kutoa dhahabu, yalishauzwa na kusombwa, nyasi zikaota, mimi nikaona shamba.

Nikapanda soya. Mbegu niliichanganya kivulini na paketi ya bakteria wa rizobia, wale wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi na kuulisha mmea naitrojeni ya hewani, kwa maji ya sukari ili washike, kama nilivyofanya shamba la juu. Wiki ya sita nikang'oa miche kote kuwili. Ile ya juu mizizi imejaa vinundu, ukikipasua kimoja ndani ni chekundu, dalili kwamba kinafanya kazi. Ya bondeni ina vinundu vitatu vinne, vidogo, ndani vyeupe, na majani yamepiga njano. Nikalaumu paketi, kumbe nimeisingizia.

Ndipo nikaenda kwenye maabara moja ya udongo jijini Mwanza.

Kipimo cha kawaida nililipa shilingi 40,000 kwa sampuli: uchachu, naitrojeni, fosforasi, potasiamu na mboji. Majibu ya bondeni yalikuwa mazuri, potasiamu ikiizidi hata ya juu. Ningeishia hapo, ningerudi nyumbani na mfuko wa mbolea. Kipimo cha metali nzito hakimo kwenye bei hiyo, na mapokezi hakuna aliyeniuliza shamba lilikuwa la nini zamani. Ni lazima ukiombe mwenyewe, na ni 110,000.

Sampuli ya kwanza mpimaji aliikataa. "Mama, hii umeianika juani juu ya bati. Zebaki inapaa na joto, na bati lina zinki yake. Nitakuandikia namba ya uongo." Nauli iliniuma, lakini kijana nilimheshimu. Nikachimba upya, sentimita 20, sehemu kumi na tano, nikachanganya kwenye ndoo ya plastiki na kukausha kivulini.

Baada ya wiki tatu: shamba la juu zebaki miligramu 0.06 kwa kilo, bondeni 4.3.

Yule kijana alikaa nami karibu saa nzima, na kwa hilo pekee pesa yangu ilirudi. Alinieleza kwamba zebaki hunasa kwenye salfa iliyomo katika vimeng'enya vya bakteria, kazi zao zikasimama. Hawafi wote. Wapo wenye jeni za kuigeuza zebaki kuwa mvuke na kuitoa nje, na jeni hizo hupeana. Kwa hiyo udongo haubaki mtupu, unabaki na wavumilivu, na wavumilivu si lazima wawe wale wanaomlisha soya. Akanitajia shamba la utafiti la Woburn, Uingereza, lililowekewa tope la maji taka kuanzia 1942 hadi 1961. Zaidi ya miaka 20 baadaye, klova nyeupe, mmea wa jamii ya kunde, ilikuwa bado ina vinundu visivyotengeneza naitrojeni, kwa sababu ya kadimiamu, zinki na wenzao. Metali haiozi.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Maji yanatuama pale?" Yanatuama, na nilikuwa nawaza mpunga. Akaniambia niache. Kwenye tope lisilo na hewa wapo bakteria wanaoigeuza zebaki kuwa zebaki ya methili, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye samaki na kwenye mpunga. Nimechimba mfereji, na chakula sipandi tena pale.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano naibakiza kwa sababu hawapimi uhai wenyewe wa udongo. Kupima hewa ya kaboni dioksidi ambayo udongo unaipumua hakuhitaji mashine ya bei kubwa, na mkulima angepata dalili ya uhai wa udongo wake kwa jumla kabla hajapoteza msimu mzima. Na pale mapokezi waweke swali moja kwenye fomu: hapa palikuwa na nini kabla? Geita nzima tungelijibu.

Ukienda, taja zebaki na arseniki (sumu nyingine inayoweza kutoka kwenye mawe ya dhahabu) kwa majina, maana ukisema "kipimo kamili" utapewa kile cha 40,000.