Tumehama waya wa shaba tukaenda faiba, Malindi: uzoefu wangu

Sa hii ni mwezi wa tatu tangu tubadilishe laini ya simu ya nyumbani kwa mamangu hapa Shella, Shella ya Malindi hii, si ile ya Lamu. Kampuni siitaji maana sitaki maneno, nasema tu niliyoyaona.

Ile laini ya shaba ilikuwa ishachoka kitambo. Hewa ya bahari mwaijua, geti la chuma lenyewe halidumu sembuse kiwaya chembamba, kile kisanduku cha maungio mlingotini fundi akikifungua ndani kumejaa kutu ya kijani, na masika ikianza simu inakwaruza utadhani mtu anakaanga samaki upande wa pili. Halafu wezi wa shaba. Mara mbili walikata waya barabarani wakaenda kuuza skrepu na sisi tukakaa wiki na wiki bila mlio. Mamangu naye simu ya mkononi haitaki, asema yamchoma sikio, na ndugu zake walioko Maskati wanayoijua ni ile namba ya 042 tu, kwa hivyo sharti langu la kwanza lilikuwa namba isibadilike. Hapo nawasifu, haikubadilika.

Mafundi walisema saa mbili asubuhi wakaja saa tano, haya, tumezoea. Kazi iliyowatoa jasho ni kutoboa ukuta maana nyumba ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe, vumbi la chokaa lilifika mpaka kwenye biriani iliyokuwa jikoni. Lakini kuunganisha ule uzi, jamani, hapo mi nilikaa nikatazama kama mtoto. Faiba ni kioo, kembamba kama unywele, kijana anakavua ganda lake anakapangusa na spiriti anakakata anakalaza kwenye kimashine, kwenye skrini unaona ncha mbili zinasogeleana pole pole, cheche, zikawa kitu kimoja. Kile kipande alichokata hakukitupa chini, alikitia ndani ya kichupa akasema kikikuingia mguuni hukioni. Mamangu kavuta kiti akamuuliza, "Mwanangu, sauti ya mtu ipite humo?" Akajibiwa, "Unapita mwanga tu bibi, sauti inageuzwa huku mwisho." Mamangu akasema "haya", ile haya ya mtu ambaye hajaamini.

Simu ni ile ile yake ya mezani, ila sasa inachomekwa nyuma ya kiboksi walichopigilia ukutani. Na sauti imesafika mno, siku ya kwanza bi mkubwa alikata mara mbili akidhani laini imekufa, hakuna ule mvumo aliouzoea.

Sa nije kwenye kilichoniudhi. Usiku wa tatu stima ikapotea, na simu nayo ikafa kabisa. Ile ya shaba ilikuwa inakula moto wake kutoka kwa mitambo ya simu huko, volti 48 za betri zao, nyumba iwe giza la kaburi we unapiga tu. Faiba haipitishi umeme, kile kiboksi kinategemea soketi yako. Nilipopiga huduma kwa wateja kijana akaniambia "ndivyo ilivyo". Sawa, ndivyo ilivyo, lakini mtu ana mzee wa miaka sabini na kitu nyumbani, mnashindwa kumwambia kabla hajatia sahihi? Ikabidi ninunue kale ka-UPS kadogo ka volti 12, yaani kibetri cha akiba, elfu tatu na ushei, sasa stima ikienda tuna kama saa tatu za simu na waifai. Ukinunua tazama kwanza adapta ya kiboksi chako imeandikwa volti ngapi na ampea ngapi, usibebe tu cha jirani.

Waifai sebuleni moto. Chumba cha nyuma hakuna kitu, ukuta wa matumbawe unameza yote, nadhani nitavuta waya nimalize hiyo kelele. Na wale wanaolalamika wamelipia kasi ya 10 wanapata moja na nukta: mnalipia megabiti, kompyuta inawaonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8, gawa kwa 8 kwanza ndo mgombane.

Mi nawapa saba kwa kumi, tatu nimezikata kwa ile ya stima. Wiki iliyopita dada yangu alipiga kutwa haipokelewi, nafika nakuta mjukuu kachomoa UPS achaji tableti. Nimebandika karatasi pale, USICHOMOE, na mamangu kahamishia kiti chake hapo hapo chini yake.